Kondo Lililopanda Ndege

Nimeishia darasa la tatu. Nasema hivyo mwanzoni ili msomaji asihangaike kunitafutia makosa; yapo, ayaache yalivyo. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwa mkaa, juu ya mifuko yangu ya unga, ili isichanganywe sokoni na mifuko ya wengine. Nyumba ninayotaka kuizungumzia niliijenga mwenyewe hapa Manika, mjini Kolwezi, kwanza kwa bukari, ugali wetu, na maharagwe niliyowapikia vijana wa machimbo, halafu kwa mashimo yenyewe. Hakuna mume aliyeniwekea hata bati moja.

Maana kabla ya kuwa mwenye nyumba ya kuzalia nilikuwa sponsa. Asiyejua Kolwezi nimweleze. Vijana wanakuja hapa kutoka kila kona ya Congo, wana mikono tu. Shimo linataka sururu, kamba, tochi na bukari ya kila siku, na linaweza kula miezi mingi kabla ya kutoa kobalti ya kujaza beseni. Sponsa ndiye analisha. Anaweka chakula na vifaa katika shimo hili, na lile, na lile jingine, akijua mengi yatatoa udongo mtupu. Moja likigonga mshipa, linarudisha ya yote. Kazi hiyo niliifanya vizuri na simwombi mtu msamaha.

Lakini ina sheria yake, na sheria hiyo hakuna serikali iliyoiandika. Shimo likianguka, sponsa anakwenda. Ananunua sanduku, anaketi chini kwenye kilio pamoja na mama wa marehemu, anapokea matusi yote ambayo mama huyo anayo tumboni. Mmoja alinitemea mate usoni mbele ya watu. Nilijifuta kwa kitenge nikabaki nimekaa. Sponsa asiyefika kwenye kilio amekwisha. Hakuna kijana atakayeshuka tena kwa bukari yake.

Magoti yalipochoka na njia za machimbo, niliigeuza nyumba kuwa ya kuzalia. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amesomea ukunga na anazunguka mjini bila kazi, na wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanazaa juu ya pikipiki wakiitafuta hospitali. Tuliweka vitanda, jiko la nje la wale wanaowapikia wazazi, na kisima. Huyo mtoto ananiita mama mukubwa, kama inavyopasa. Watu wengine wote wananiita kambo, yaani bibi, hata wale ninaowazidi miaka michache tu, nami nimeshazoea.

Ndipo akaja kijana wa Lubumbashi mwenye viatu visivyojua vumbi, msimamizi wa kampuni ndogo ya mambo ya afya na simu. Alitaka kuchagua nyumba chache za kuzalia ili wapime vumbi la machimbo linaingia namna gani kwa mtoto aliye tumboni. Nilimuuliza nani anamlisha. Akasema nyuma yao kuna kampuni kubwa ya pesa, yenye biro, ofisi zake, katika miji mikubwa ya dunia, ambayo yenyewe haitibu mtu wala haitengenezi kitu. Inatafuta vijana wenye kampuni changa, za simu, za mashine, za dawa, inawalisha, halafu inangoja. Nyingi zinakufa. Moja ikipata, inarudisha ya zote.

Nikamwambia, basi hao ni masponsa.

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kambo, njo vile vile. Nitabaambia wakubwa umebapatia jina."

Nilimpenda siku ile, siwezi kusema uongo. Alileta mabamba ya jua juu ya paa, taa zikawaka katika chumba cha kuzalia, na pampu ikapandisha maji. Mkunga wangu alikuwa hashiki tena tochi kwa meno. Mwishowe akaleta frigo, nyeupe, ndefu, ya kufunguka juu, yenye baridi kali kuliko ile ya wauza samaki. Humo, alisema, tutaweka kondo la nyuma la kila mtoto, likae salama. Wamama walimkubalia kwa kubonyeza kidole kwenye kioo cha simu yake.

Sasa msomaji wa mbali anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Kwetu, kile kinachomfuata mtoto hakitupwi. Mama wa baba anakuja na kitambaa kipya, anakipokea kwa mikono yake, anakwenda kukizika kwa watu wa baba. Toka hapo hakuna atakayemuuliza mtoto huyo wewe ni wa nani. Kuna familia zilizoacha. Nyingi hazijaacha, na mapadri na wachungaji wanajua na wananyamaza. Shida ni kwamba wachimbaji wanatoka mbali. Mama wa baba yuko Kasai, yuko Kivu, na kondo halingoji. Mara nyingi tulilizika nyuma ya nyumba yangu, mama wa mtoto analia kidogo, basi.

Na frigo kwetu ni nini? Mtu akifa Kolwezi na ndugu zake wako mbali, anawekwa kwenye frigo ya hospitali mpaka wafike. Kazi ya frigo ni kuwangoja wenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuona frigo ya hospitali inayoweka kitu ili wengine wakibebe. Kwa hiyo yule kijana aliposema kondo litakaa salama kwenye frigo, wamama walishangilia. Walituma habari kwa mabibi, tafuteni nauli polepole, safari hii kinawangoja. Kijana aliwasikia wakisema hivyo. Alikuwa amesimama palepale na simu yake, anatabasamu. Mtoto wa Lubumbashi hawezi kuniambia kwamba hakuelewa.

Kati ya waliozaa wakati ule kulikuwa na mjane mdogo. Mume wake, mchimbaji wa kutoka Dilolo, aliangukiwa na shimo mimba ikiwa kubwa. Akazaa mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuudhi. Wadogo wa marehemu huko Dilolo walikuwa wametuma neno lao: kondo likifika na kuzikwa kwao, mtoto ni wao, na nyumba ya baba yake na shamba la mihogo ni vyake. Lisipofika, huyo ni mtoto wa upande wa mama, wasisumbuliwe. Mjane aliweka matumaini yake yote katika ile frigo. Kila mara alipotoka kuanika nguo za mtoto alipita kugusa kifuniko chake.

Mamamkwe wake alifika juu ya lori la samaki wa chumvi, mwanamke mkavu, amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Alimbeba mtoto, akamtazama masikio, akamrudisha kwa mama yake. Nilimwekea bukari. Akaniambia kwa heshima kwamba hawezi, kwao anayekuja kupokea hali kitu kabla hajapokea. Akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua juu ya magoti, akangoja.

Mkunga alikwenda kufungua. Nilimwona mgongo tu, ameinama ndani ya ule mvuke wa baridi, anapangua mifuko, anairudisha, anapangua tena. Aliporudi, midomo ilikuwa imemkauka. Akasema halimo. Kijana wa kampuni alikuwa amepita na sanduku lake la barafu, kama kawaida yake, na sisi tulidhani anapeleka vipimo vya damu.

Mamamkwe hakukasirika. Aliuliza ni familia gani iliyolichukua. Alidhani wamekosea, kama inavyotokea kwenye morgue, watu wanabeba maiti ya wengine halafu wanarudi kwa aibu. Alikuwa tayari kuwangoja.

Tulimpigia kijana, sauti ikiwa juu ili wote tusikie.

"Mama, ile ilishaenda," akasema. "Iko mu laboratware, ng'ambo. Ilipanda ndege."

Yule mama aliisogelea simu. "Kule kwenye ilienda, nani wa familia yetu iko kule?"

Kijana akasema liko salama, asiogope, na kwamba yote yalikubaliwa kwa kidole. Mjane mdogo aliangalia kidole chake. Sikuwahi kumwona mtu akiangalia kiungo chake namna ile, kama kitu kilichobandikwa na mtu mwingine.

Mimi nimeona mengi. Nimeona kijana akitolewa shimoni kwa vipande. Lakini hili lilikuwa jipya. Walikuwa wameingia nyumbani kwangu, wamekula bukari yangu, na walikuwa wanachota watu wetu toka kwenye mzizi, wanapakia ndegeni kama mfuko wa mawe.

Mamamkwe alihamisha mkeka wake mpaka karibu na lango, akaketi na kile kitambaa cheupe magotini. Akasema hawezi kurudi Dilolo mikono mitupu. Maji tu ndiyo aliyokubali sasa, na uji kidogo, baada ya mimi kumwambia kwamba akifa hapo nitalazimika kumweka kwenye frigo ileile. Alicheka kwa pua. Toka hapo tukawa marafiki.

Sasa wakubwa wenyewe wa ile kampuni ya pesa walikuwa wamepanga kuja kuona kazi ya pesa yao. Kijana alitangulia kuja akikimbia, akaniomba nimpeleke yule mama nyuma, jikoni, kwa saa chache tu. Nilimwambia lango ni langu, na anayekaa langoni kwangu namweka mimi.

Wakafika na magari mawili. Mwanamke mzungu mwenye nywele za kijivu, mpole, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa, mwanaume kijana zaidi mwenye chupa yake ya maji mkononi, na mkalimani. Yule mwanamke alimwona mamamkwe langoni na moyo wake ukamtuma. Alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akageuza uso kidogo upande wa yule mwenye chupa, ambaye alikuwa ameshainua simu apige picha. Mamamkwe aliiacha mikono yake ishikwe. Alidhani wamelirudisha kondo la mjukuu wake.

Mkalimani, ambaye alikuwa na aibu kidogo, alimwinamia mkubwa wake akamwambia huyu ni nani na anangoja nini. Nikamtazama yule mzungu akiachia ile mikono, polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayeweka yai chini.

Niliwaketisha uani, mbele ya watu. Nilisema yote, na mkalimani akayapitisha. Yule mwanamke alisikiliza vizuri, kichwa upande mmoja, na mwisho akasema anasikitika sana, lakini nielewe kwamba wao hawafanyi kazi yenyewe. Kampuni ya vijana ndiyo yenye kujibu. Wao ni pesa tu, wako nyuma.

Hapo nilisimama. Sikumpigia kelele, nina umri.

"Mama, na mimi nilikuwa sponsa," nikamwambia. "Shimo yangu ikianguka, sikusema mi niko pesa. Nilienda ku kilio. Nilitemewa mate. Weye unakuya ku kilio ya huyu mama, unamupiga foto?"

Mkalimani alisita kwenye mate, nikamwambia ayaseme. Akayasema. Yule mwanamke akawa mwekundu shingoni, akainamisha kichwa, akanishukuru kwa kumweleza wazi. Akasema wataangalia utaratibu wao. Maneno laini, yote laini, hakuna mahali pa kushika. Wakati huohuo yule mwenye chupa alikuwa anamuuliza msimamizi, kwa Kifaransa, akidhani sisi ni mbuzi, kama nyumba za namna hii zinaweza kupatikana pia katika mji wa Kisenge, na hata Dilolo kwenyewe, maana wazazi wa hapa hawatoshi. Mkunga wangu alinitafsiria sikioni. Mate yalinijaa mdomoni nikayatema chini, mbele ya viatu vyake, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Nikamwambia mkunga apande taxi-moto, pikipiki ya kukodi, apite kwa kila mama ambaye cha mtoto wake bado kimo ndani ya frigo. Mimi niliketi juu ya kifuniko. Nina mwili wa kutosha. Kijana alinisihi, akasema hiyo ni mali ya kampuni. Nikamjibu frigo ni yenu, subirini nisimame, mtaibeba.

Walikuja. Wengine walikuja na mabibi, wengine na dada wa mume, wengine wenyewe na mtoto mgongoni, kila mmoja na kitambaa, na uani kwangu kukajaa watu. Mkunga alitoa mfuko mmoja mmoja, akiita kila mama kwa jina la mtoto wake, naye anapokea kwa mikono miwili, anatoka langoni bila kugeuka. Wageni walisimama kando ya magari. Hawakujua waondoke au wabaki. Mamamkwe wa Dilolo alimsalimia kila aliyepita na mzigo wake, mpaka wa mwisho, na kwake hakukuwa na mzigo.

Jioni waliondoka na frigo. Baadaye walirudi kuchukua mabamba ya jua, na tukarudia tochi. Wanawake fulani wa mtaa walininung'unikia juu ya taa. Niliwaambia waende wakawashe wao.

Mamamkwe alibaki kwangu. Alipika pamoja nami, alimwogesha mjukuu, alimfundisha mkwe wake namna ya kumfunga mtoto kwa mtindo wa kwao. Dilolo waliuliza kwa simu, akawajibu anangoja. Kijana naye nilimpigia kila siku ya soko, sikumwachia nafasi ya kunisahau, nikimwambia nitakwenda kuketi mbele ya kanisa anakosali na nitaeleza habari zake kwa kila anayetoka misa. Hilo lilimwogopesha kuliko mahakama.

Katikati ya kipwa, wakati usio na mvua, wa vumbi na baridi ya asubuhi, alikuja. Safari hii viatu vilikuwa vichafu. Alitoa kwenye sanduku la barafu kibomba cha plastiki kisichozidi kidole changu cha mwisho. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya ini, kidogo kama punje ya haragwe, na juu kumebandikwa karatasi yenye namba.

Mamamkwe alikishika kwenye mwanga. "Na ingine?"

Kijana alisema ingine ilitumika. Ilikatwa, ikasagwa, ikapimwa, na iliyobaki ikachomwa kama sheria ya huko inavyotaka. Niliondoka nikaenda kusimama jikoni. Kusagwa. Neno la mahindi. Nilimsikia mamamkwe akimuuliza, kwa sauti ileile ya heshima aliyokataa nayo bukari yangu siku ya kwanza, atajua namna gani kwamba hii ni ya mjukuu wake. Kijana akamwonyesha ile namba. Mamamkwe akamuuliza nani aliyeiandika. Kijana akasema mashine.

Kijana alipokwenda zake, yule mama alikaa na kile kibomba katika kiganja mpaka barafu yake ikaisha.

"Kama ni ya mutoto wa mwingine," akaniambia, "nikiipeleka Dilolo nitakuwa nimeiba mutoto wa batu."

Nikamwambia ukweli, kwamba hatutajua kamwe.

"Basi tuizike hapa. Awe wa nani, alizaliwa hapa."

Tukaizika nyuma ya nyumba, ndani ya kile kitambaa cheupe chote, kwa heshima yote, kana kwamba ni kitu kizima. Aliongea na ardhi kwa lugha ya kwao, maneno mengi, na mimi sikuyaelewa ila nilisikia jina la mwanawe aliyekufa shimoni. Mjane alisimama na mtoto. Mtoto alikuwa anapiga chafya kwa vumbi.

Halafu mamamkwe akaniomba chungu kidogo cha udongo na kipande cha kitambaa kingine cheupe, chochote nilicho nacho. Nikampa. Aliingia nacho chumbani peke yake, akafunga mlango. Alipotoka, chungu kilikuwa kimefunikwa na kufungwa mafundo ambayo hakuna mwanaume wa ukoo wake anayeruhusiwa kuyafungua. Ndani kulikuwa na nini sikumuuliza. Mimi sipendi uongo, nimewafukuza watu kazini kwa uongo mdogo kuliko ule. Siku ile nilishika ngazi ya lori apande, nikampandishia chungu chake, halafu mkwe, halafu mtoto.

Walipokelewa. Mkunga alizungumza nao kwa simu: wadogo wa marehemu walichimba wenyewe, wakazika kile chungu, wakamwita mtoto jina la baba yake, na mama yake anapalilia mihogo katika shamba ambalo hakuna anayebisha kwamba ni la mwanawe. Mwanamke mwaminifu alilazimika kuudanganya ukoo wake mbele ya kaburi ili mjukuu wake awe na kwao. Wale wa pesa hawakulazimika kudanganya mtu. Nasikia kampuni ya vijana ilikufa, na wao wameshasogea kwenye shimo jingine.

Ndiyo sababu humu sijaandika jina la mtu hata mmoja, na mji niliosema mtoto amekwenda huenda si wenyewe. Siwaogopi wageni wa magari mawili. Hao ningewataja mpaka kwa majina ya mama zao. Ni kwa sababu huko kuna watu wanaojua kusoma, na mtoto bado mdogo.